Breki ya Mkono, Meno Matatu

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za karakana, na ninyi vijana mkanipa soda na keki, mkaniomba niandike niliyoyaona kazini. Najua mlitaka hadithi za magari ya wakubwa. Hizo sitaandika. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa ngapi hayamsaidii mtu aliyelala chini ya gari huku matope yakimdondokea machoni. Nitaandika juu ya kazi moja tu ya breki niliyoifanya Malaba miaka ya sabini, kwa sababu katika kazi hiyo nilikosea, na kosa lenyewe hata ninyi mnalifanya kila siku. Nimewaona.

Nilifika Malaba nikitokea kwetu Busia, na cheti changu ndani ya bahasha. Mwenye karakana alikuwa Mzee Ekirapa, Mteso wa Chakol, aliyekuwa amekagua breki za mabehewa ya reli kwa miaka mingi kabla ya kufungua kibanda chake cha mabati karibu na barabara ya mpakani. Hakukifungua cheti. Alinionyesha gurudumu la nyuma la pikapu, akasema, "Toa hiyo dramu," kisha akaenda kunywa chai. Dramu ni lile bakuli zito la chuma linalofunika viatu vya breki. Lilikuwa limegandamana na kutu. Nikaligonga kwa nyundo hadi likapasuka.

Mzee alirudi na kikombe mkononi, akalitazama.

"Hii ilikuwa nzima," akasema.

"Ilikataa kutoka, mzee."

"Haijakataa. Wewe ndio hujauliza." Akanionyesha matundu mawili madogo usoni mwa dramu ya pili, akatia bolti mbili, akazikaza kidogo huku, kidogo huku, na dramu ikasogea yenyewe ikatoka. Tangu siku hiyo sijapasua dramu ya mtu. Nimepasua vitu vingine.

Mzee alikuwa na kanuni zake, na nyingi zilikuwa na maana. Moja ilinichekesha. Kabla ya kuchinja gari, yaani kulivua vipuri, ilikuwa lazima mtu aketi kwenye kiti cha dereva, aondoe gia, ashushe breki ya mkono, afungue vioo, na aseme, "Pumzika." Nilimuuliza sababu. Akaniambia kwamba waya wa breki ukiukata ukiwa umekazwa unaweza kukurukia jichoni. Nikasema sawa, na vioo je? Akasema, "Sababu ya kwanza ni ya macho yako. Ya pili ni ya gari." Nilidhani ni mambo ya wazee wa reli.

Miaka hiyo, ng'ambo ya mto wa mpakani kulikuwa kubaya. Hamhitaji mimi niwaeleze ni nani alikuwa akitawala. Watu walikuwa wakivuka na watoto na magodoro, na wengine walikuwa hawavuki. Sisi wa upande huu tulizoea kuamka na kukuta kitu ambacho jana hakikuwepo: baiskeli imeegemezwa ukutani, viatu vya mwanamume kando ya daraja. Hatukuuliza sana. Na asubuhi moja waliofagia barabara walikuta gari dogo la Kiitaliano, rangi ya maziwa, limesimama kwenye nyasi upande wetu wa daraja. Mlango wa dereva ulikuwa wazi na ufunguo umo ndani. Mmoja wao aliniapia kwamba alipoweka kiganja kwenye boneti aliikuta ina moto. Barabara ya ng'ambo inateremka hadi darajani, kwa hivyo wapo waliosema limejiviringisha lenyewe baada ya dereva kutolewa huko juu, na wapo waliosema dereva aliliendesha mwenyewe, akashuka, akatembea. Kwenye nyasi hapakuwa na nyayo. Au zilikuwepo na wakazifagia.

Polisi waliliinua nyuma kwa lori wakalikokota kwa magurudumu ya mbele hadi kituoni. Likakaa pale zaidi ya mwaka likinyeshewa. Hakuna aliyekuja kulidai. Mwishowe likapigwa mnada, Mzee akalichukua kwa ajili ya vipuri, na likaletwa kwetu vilevile, limeinuliwa nyuma. Zingatieni hilo. Tangu lisimame kwenye zile nyasi, hakuna aliyekuwa na haja ya kuigusa breki yake ya mkono, inayoshika magurudumu ya nyuma.

Sasa ingia Mwalimu Okiring. Alikuwa akifundisha Angurai, na alikuwa na kagari ka Kiingereza ka milango miwili alikokapenda kuliko ilivyo busara. Njia ya kwake ilikuwa na kijito kisicho na daraja. Kila akivuka, dramu za nyuma zilijaa maji na tope, na breki zikalala.

"Nakanyaga, gari inaenda tu," alituambia. "Juzi nimeingia kwa shamba ya mtu mpaka katikati ya mihogo. Mzee, hii Muitaliano yenu si iko na diski nyuma? Niwekeeni hiyo."

Ni kweli lilikuwa na breki za diski magurudumu yote manne, jambo la nadra kwa gari dogo wakati ule. Diski ni sahani ya chuma iliyo wazi. Maji yakiingia yanarushwa nje, na pedi zinazoibana zinaifuta kavu ukikanyaga mara moja mbili. Mzee aliizunguka ile kazi kichwani siku mbili, akakubali. Kisha ukaja msiba Chakol, shemeji yake, ikabidi aende. Akaniachia kazi na ufunguo wa kibanda, ufunguo wenyewe ni mmoja tu. Akiwa ameshapanda baiskeli aligeuka akasema, "Usisahau kuachilia."

Sikusahau. Sikutaka. Nitasema ukweli, maana umri wangu hauna tena cha kuficha: nilikiogopa kile kiti. Kilikuwa kimesogezwa mbele kama mtu mfupi alivyokiacha, na kitambaa chake kilikuwa na mahali palipochanika pakashonwa kwa uzi wa buluu, kushona kwa mkono, kwa uangalifu mwingi. Niliufungua mlango, nikapaona pale paliposhonwa, nikaufunga. Nikaingia chini kwa nyuma na msumeno wa chuma, nikageuza uso pembeni kulinda macho, nikakata waya wa breki ya mkono. Mnaniuliza kama uliruka ulipokatika? Sijui. Uso ulikuwa pembeni. Pedi zilikuwa zimeshika diski nikazigonga, lakini hilo halisemi kitu. Gari likikaa mwaka kwenye mvua, pedi hushika iwe breki ilivutwa au haikuvutwa.

Kazi yenyewe naieleza kwa ufupi kwa sababu mtaifanya siku moja. Unaondoa dramu na bamba la nyuma yake. Unachonga kipande cha chuma kinene cha kushikilia kalipa, ile taya inayozibana pedi kwenye diski, na hapo usikadirie kwa jicho. Diski lazima ipite katikati ya kalipa bila kuegemea upande. Chukua kalipa zenye mkono wake wa breki ya mkono, kama zile za Muitaliano, la sivyo utakuwa na gari lisiloweza kuachwa mlimani. Chukua pia ile valvu inayopunguza nguvu ya nyuma, maana nyuma ikishika kabla ya mbele utageuka kuelekea ulikotoka. Na ndani ya masta silinda, pampu kuu ya mafuta ya breki, kuna kivalvu kidogo kilichowekwa kwa ajili ya dramu, kinachobakiza shinikizo kidogo kwenye bomba. Kitoe. Ukikiacha, diski zitakuwa zinajishika zenyewe na kupata moto. Nilivifanya vyote hivyo, nikaunganisha waya mpya kwenye mkono wa breki wa kagari ka mwalimu, nikatoa hewa kwenye mabomba, nikajaribu. Kalisimama vizuri sana. Nilijisikia fundi. Jioni nikakaingiza kibandani, mahali tambarare, gia imeondolewa, breki ya mkono chini, matofali mbele na nyuma ya gurudumu.

Gamba la Muitaliano wakalichukua mafundi wa majiko alasiri ileile, wakalikata vipande. Mzee alikuwa ameniagiza nibakize kiti kimoja cha kukalia wateja. Nikabakiza kile cha dereva, kwa sababu cha abiria kilikuwa kimeoza.

Asubuhi nilipofungua kibanda, breki ya mkono ya kagari ilikuwa juu.

Nikadhani nimesahau. Nikaishusha, nikaivuta tena hadi pale ilipokuwa, nikihesabu meno yake yanavyolia: matatu, nikaishusha. Kesho yake ilikuwa juu tena, meno matatu. Hapo nikaanza kufikiri kama fundi. Labda ile valvu ndogo, labda mabaki ya shinikizo. Lakini shinikizo la mafuta linashika pedi. Haliinui mkono uliomo ndani ya gari, kando ya kiti, ambao una kitufe kinachotaka kidole. Ufunguo wa kibanda nilikuwa nao mimi, nao nililala nao shingoni. Siku ya tatu nilikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, nikaufunga ule mkono chini kwenye mguu wa kiti, mafundo mawili. Asubuhi mkono ulikuwa juu. Mpira ulikuwa juu ya kiti cha abiria, umefunguliwa, haukukatwa, umekunjwa mara mbili ukalazwa vizuri.

Nilitoka nje nikasimama barabarani kwenye jua, nikawasalimu watu nisiowajua. Niliogopa, na sioni haya kusema.

Mzee alirudi siku hiyo. Nilimweleza nikitegemea anicheke. Aliegemeza baiskeli.

"Uliachilia hendibreki ya Muitaliano?"

"Nilikata waya, mzee."

"Sijauliza kama ulikata. Ilikuwa juu ama chini?"

"Sikuangalia."

Aliguna. Akaingia kwenye kagari, akaushusha ule mkono polepole akikisikiliza kila kitu. "Mwalimu asichukue hii gari kwanza," akasema. "Mwambie Jumamosi."

Ijumaa, kabla ya saa nne asubuhi, alikuja mwanamke. Alikuwa amevaa gomesi ya kahawia, lile gauni refu la mabega yenye ncha, ameshika kikapu, na viatu vyake vilikuwa na vumbi la safari ndefu. Alisema anaitwa Mama Nabirye, anatoka upande wa Jinja, amevuka kwa kupitia Busia, na kule sokoni akasikia habari za gari la rangi ya maziwa lililokutwa Malaba. Alikuwa ametoka kituo cha polisi. Wao walimwelekeza kwetu. Mzee akamkaribisha kwenye kiti. Aliinama akitaka kuketi, akauona ule uzi wa buluu, akabaki vilevile ameinama, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti.

"Hii nilishona mimi," akasema.

Tulimwacha akae. Mzee akampa maji. Alipomaliza kunywa akatueleza bila kulia, nadhani alikuwa ameshalia njiani. Mume wake alikuwa daktari wa mifugo. Siku moja aliambiwa jina lake limetajwa mahali pabaya, akamwambia mkewe apite Busia na watoto, yeye apite na gari Malaba, wakutane Bungoma. Siku ileile mtoto mdogo aliugua, wakakwama nyumbani kwa ndugu, kisha njia zikafungwa, na ndiyo kwanza sasa alikuwa amepata kuvuka.

"Wakubwa wa ukoo wanasema tufanye matanga," akasema. "Wanasema alichukuliwa pale juu kwa kizuizi, gari ikaachiwa ikateremka. Mimi nawaambia sijui. Siwezi kuzika mtu mzima, na siwezi kumngoja mtu amekufa. Sasa, ssebo, nauliza kitu kimoja tu. Mume wangu hakuwahi kushuka kwa gari bila kuvuta hendibreki. Hata kwa uwanja wetu, pale hakuna mlima wala nini. Kama waliachia gari iteremke, hendibreki ilikuwa chini. Kama alifika mwenyewe, ilikuwa juu. Nani alifungua hiyo gari?"

Mzee alinitazama. Mama naye akanitazama.

Hapo ndipo pa kusema, "Sijui, mama, sikuangalia." Maneno matatu. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilikuwa nikiyaona macho yake, na nyuma yake, ndani ya kibanda, nilikuwa nikiuona mkono wa breki wa kagari ka mwalimu. Mzee aliushusha jana. Sasa ulikuwa juu.

"Ilikuwa juu," nikasema.

Hakufurahi upesi. Alikuwa mwanamke makini. "Meno ngapi?"

"Matatu."

Kikapu kilimponyoka. Akafunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yakaanza kutikisika, na nilidhani analia mpaka nikasikia kwamba anacheka pia. "Matatu," akasema. "Kila siku, kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Nilikuwa namcheka, namwambia wewe mzee, ng'ombe hazitakimbia na gari yako. Hakuna mtu anajua hiyo. Hata watoto. Ssebo, alifika! Alivuka!"

Aliuliza breki zenyewe ziko wapi. Mzee, bila kunitazama, akamwonyesha kagari. Mama aliingia, akaketi kwenye kiti cha dereva, akaukuta ule mkono. Aliushika kwa muda. Kisha akabonyeza kitufe, akaushusha hadi chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, na akasema kwa Kiganda maneno machache ambayo sikuyaelewa, isipokuwa la mwisho, "kale," yaani "haya basi." Alishuka akajifuta uso. Akatuambia matanga hayatakuwepo, na kwamba anaanza kutafuta Bungoma, halafu Eldoret, halafu Nairobi, hospitali na makanisa yote ikibidi. Alitubariki. Mimi alinishika mikono yote miwili, ilikuwa na grisi, hakujali.

Alipoondoka Mzee aliendelea kupanga spana zake. Alizipanga zote, ndogo hadi kubwa.

"Hiyo tatu ulihesabu kwa gari gani?" akauliza.

Nikachukua kitambaa nikajifuta grisi.

"Haya," akasema. "Sasa wewe ndio umemvutia hendibreki huyo mama."

Ule mkono haukupanda tena. Jumamosi Mwalimu Okiring alichukua kagari kake, akavuka kijito cha Angurai mara mia na breki zikishika, na akatusifu sokoni Amagoro mpaka tukapata wateja wengi. Kama kazi ya ufundi, ile ndiyo bora niliyowahi kufanya. Mkiniambia kwamba ni ile namba tatu ndiyo ushahidi, kwamba ningeijuaje kama si yeye mwenyewe kuniambia, nawajibu kwamba hata mimi nimejiambia hivyo miaka yote. Huenda alinionyesha kwamba alifika. Huenda alikuwa mtu aliyenyang'anywa gari lake ng'ambo kabla hajavuta breki, akawa anarudi kila usiku kufanya alichozuiwa kufanya. Yote mawili yanatoa meno matatu.

Kitu ambacho kingetenganisha hayo mawili kilikuwa kando ya kiti kile, kwa zaidi ya mwaka, hakijaguswa na mtu, na mimi niliufungua mlango nikaufunga. Kutazama kungechukua muda wa kupiga chafya.

Mama Nabirye alikuwa akija kila mwaka. Aliketi kwenye kiti chake, akanywa chai, akaniuliza kama kuna mtu mfupi amepita akiulizia gari la rangi ya maziwa. Kule ng'ambo utawala ulibadilika, watu wakarudi makwao, yeye akaendelea kuja. Mzee Ekirapa alifariki, nikarithi karakana, akaendelea kuja. Watoto wake walikua wakamwambia inatosha. Mara ya mwisho alikuja na fimbo, nami nilikuwa chini ya lori. Nilikuwa nimeamua siku hiyo nimwambie. Nilitoka, nikajifuta mikono, nikasema, "Mama, kuna jambo juu ya ile hendibreki."

Akatabasamu. "Matatu," akasema. "Sijasahau. Hiyo ndiyo inanifikisha hapa kila mwaka."

Nikamwongezea chai.

Kiti bado kipo pale karakanani, chini ya dirisha, na uzi wa buluu haujafumuka. Msikitupe. Akija mtu wa kwao kuuliza, mwonyesheni karatasi hii. Na ninyi, kabla hamjagusa gari lisilo na mwenyewe, ingieni, ketini kwenye kiti cha dereva hata kama mnaogopa, mtazame ule mkono uko juu au chini, mhesabu meno, ndipo muushushe na mliambie gari lipumzike.